Krimu Yangu, Kijani cha Mama

Jumapili, 3 Machi

Tumehamia kwa mama mkwe leo, na mvua imeanza kabla hatujamaliza kushusha kitanda. Nyumba tuliyokuwa tumepanga, mwenye nyumba ameitaka, na mama anaishi peke yake kwenye vyumba vinne, kwa hiyo hapakuwa na mjadala mrefu. Mume wangu anaendesha lori la masafa na huwa nyumbani siku mbili kwa wiki. Kwa kweli aliyehamia kwa mama mkwe ni mimi.

Sebule ni ya kijani. Si kijani cha kupendeza, ni kile kizito cha chupa, kuta zote nne, na milango na fremu zake nyeupe. Mume wangu anasema imekuwa hivyo tangu yuko darasa la nne. Kila rangi inapochakaa mama humwita fundi na kumwambia neno moja: "Ileile." Saa nane mchana tulikuwa tumewasha taa.

Mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa tisa huu. Watu wananiletea kipande cha pazia, ganda la yai, hata soksi, wakisema wanataka hii, na ninawapatia. Halafu nije niishi ndani ya chupa! Nimeanza daftari hili kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Mama mkwe amemwaga chai kwenye kitambaa changu cha meza, kile cheupe nilichodarizi mwenyewe. Alikuwa anarudisha kikombe kwenye kisahani, akakiweka hewani. Badala ya pole nikapata: "Meza yako hii ndogo."

Alhamisi, 7 Machi

Nimekutana na mama mkwe njiani nikitoka kazini. Alikuwa upande wa pili wa barabara, nikampungia mkono. Alinitazama usoni kabisa, kisha akageuka akaenda zake. Amenipa kisogo mchana kweupe, na watu wanaona. Nyumbani nikanyamaza. Akaniuliza, "Mbona umenuna, bibi harusi?" Nina miaka sita ya ndoa, bado ananiita bibi harusi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepiga moyo konde nikamwambia.

"Mama, hii sebule tukiipaka krimu itapata mwanga. Dirisha ni moja, na lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Rangi nitaichanganya mwenyewe."

"Krimu ndiyo rangi gani?"

"Kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo."

"Sitaki kukaa ndani ya kikombe," akasema. "Kijani kinanitosha."

Mama alikuwa fundi cherehani miaka thelathini. Alishona sare za shule nzima, na magauni ya harusi ambayo watu bado wanayasimulia. Mtu wa namna hiyo haambiwi habari za rangi. Ila siku hizi hashoni. Anasema cherehani imekufa. Jana nilifunua kitambaa nikazungusha gurudumu: inazunguka kama mpya. Sijui kwa nini anadanganya.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Kuta zinatoa jasho.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemleta fundi rangi. Wateja wanamwita Fundi Taratibu, kwa sababu akianza chumba unaweza kuoa ukazaa kabla hajamaliza, lakini kazi yake huwa haina doa. Nimemwomba apake miraba miwili karibu na dirisha, kila mmoja upana wa gazeti lililofunguliwa: krimu na kijani kipya, ubavu kwa ubavu. Nilimwambia mama kwamba hatutabishana, tutaitazama kutwa halafu tuamue. Nimeandika nilichokiona.

Asubuhi: krimu kama siagi. Kijani karibu cheusi.

Saa sita, mawingu mazito: krimu inarudisha mwanga mpaka kwenye meza. Kijani kinaumeza.

Saa kumi, jua dogo la dakika ishirini: krimu inang'aa. Kijani, niseme ukweli, kilipendeza. Kilikuwa kama jani lililolowa. Lakini dakika ishirini tu.

Mama alisimama mbele ya miraba muda mrefu. Alinyoosha mkono akapapasa rangi kama anavyopapasa kitambaa, akaenda kushoto, akaenda kulia.

"Kijani," akasema. "Kijani najua kinaishia wapi."

"Kuishia wapi maana yake nini, mama?"

"Maana yake kijani."

Nikamgeukia Fundi Taratibu anisaidie. Akafuta brashi yake. "Mimi napaka, dada. Sichagui."

Jumapili, 17 Machi

Wifi amepiga simu, kama kila Jumapili. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu mkuu, anaishi mwendo wa nusu siku kutoka hapa, na sauti yake ina kengele ndani. Baada ya mama alitaka kuzungumza na mimi. "Mwangalie mama vizuri. Umri umekwenda. Siku akianguka hata mara moja, nakuja kumchukua, na nyumba hiyo tutaipangisha." Nilimwambia mama yuko imara kama jiwe, anabishana tangu asubuhi.

Jumapili, 24 Machi

Mume wangu yuko nyumbani. Nimemsimulia mama alivyonipa kisogo barabarani, kisha nikamuuliza kuhusu sebule. "Fanya unavyoona, mama atazoea," akasema, na mama alipoingia akaanza habari za matairi. Kwenye barabara haogopi kitu, ila mama yake.

Alhamisi, 28 Machi

Wifi amekuja kumchukua mama akakae kwake siku tisa. Gari halijapinda kona, nimempigia simu Fundi Taratibu.

"Mama amekubali?"

"Amekubali."

Ni uongo wangu wa kwanza katika nyumba hii. Umetoka laini.

Jumatatu, 1 Aprili

Kazi inakwenda polepole kwa ajili ya unyevu. Fundi anapiga msasa, anapaka, anangoja, ananung'unikia mawingu. Nimemwambia milango na fremu nazo apake krimu ileile, ili chumba kiwe kitu kimoja, kisikatwekatwe. Ndivyo ninavyowashauri wateja wenye vyumba vidogo. Akauliza mara mbili, "Mpaka fremu ya mlango wa korido?" Mpaka hiyo.

Alhamisi, 4 Aprili

Imekwisha. Chumba kimekuwa mara mbili. Nimekaa mle ndani bila taa mpaka saa kumi na mbili kasoro, nikijipongeza.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Mama alishushwa saa tisa. Wifi alikuwa na haraka ya kurudi kabla mto haujajaa, akaishia getini. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, nikatulia pale nilipo, nikisubiri makelele. Nilikuwa na maneno yangu tayari: kwamba ni zawadi, kwamba ikimchukiza tutabadilisha, kwamba atazame kwanza.

Makelele hayakuja. Kisha nikasikia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mmefanya nini hapa?"

Nikachungulia kutoka korido. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkoba bado begani. Nilidhani ni hasira. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, akaanza kutembea, na hakuwa anaujia mlango. Alikuwa anaujia ukuta. Akaugusa, akaupapasa kwenda kushoto, kiganja kikiteleza. Kutoka sebuleni kushuka korido kuna ngazi moja, kwa sababu nyumba imejengwa kwenye mteremko. Ameishuka ngazi hiyo maisha yake yote. Mkono wake ulipofika kwenye uwazi wa mlango, ulikosa kitu cha kushika, na mguu ukakosa kitu cha kukanyaga.

Akaanguka miguuni pangu.

Nilipomwinua alikuwa ameushika mkono wa kushoto kifuani. Hakulia. Alinigeuzia uso, lakini macho yake yalitua pembeni ya sikio langu, na akaniuliza, kama mtoto anayeuliza kiatu chake:

"Mlango umeuweka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Chai iliyowekwa hewani. Barabara. Cherehani iliyokufa huku inazunguka. Mwezi mzima nimeishi na mtu asiyeona, nikamwandika humu kuwa ana kiburi.

Zahanati walisema kifundo cha mkono kimepata ufa, wakamfunga plasta. Tulikaa kwenye benchi kusubiri mvua ipungue. Akaanza mwenyewe.

"Mwaka wa tatu sasa. Ilianza pembeni. Watu walikuwa wananitokea ghafla, nikidhani wananinyatia. Sasa naona kama kwenye tundu la ufunguo, tena tundu lenye moshi. Kitu cheusi penye weupe nakiona. Cheupe penye giza nakiona. Weupe juu ya weupe, mwanangu, ni kama mmezima dunia."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nikisema, wifi yako ananichukua siku hiyohiyo. Siku hizi tisa kwake nimekaa kwenye kiti kimoja. Naulizwa nimekunywa maji? Nimekwenda chooni? Nyumbani kwangu nilikuwa najua kila kitu kilipo." Akaipapasa plasta. "Nilikuwa najua."

Nimemwomba radhi. Nimemwambia nilimdanganya fundi, nilimsubiri aondoke makusudi. Akasema, "Najua. Mimi si mjinga, ni kipofu nusu." Kisha akanishika mkono kwa ule mzima. "Usimwambie mtu. Si mumeo, si wifi yako."

Nilimjibu kwamba nitanyamaza kwa sharti moja, twende kwa daktari wa macho. Akafikiri. "Wewe nawe una roho ngumu," akasema. Nikahesabu kuwa amekubali.

Jumapili, 7 Aprili

Wifi amepiga. "Ameteleza," nimesema. "Mvua hii." Sina uhakika kama nilikuwa naficha siri ya mama au yangu. Anasema atakuja shule zikifungwa, na tutazungumza.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini. Daktari wa macho ni mwanamke mdogo, mpole, anayesema mambo moja kwa moja. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha karibu lote. La kushoto lina kilichobaki, na matone yatalinda hicho.

"Yaliyokwenda hayarudi?" mama akauliza.

"Hayarudi, mama yangu. Ungekuja mapema tungeokoa mengi. Lakini umekuja leo, tutaokoa haya."

Nikadhani mama atalia. Kisha akauliza, "Matone ni saa ngapi na saa ngapi?" kwa sauti ya mtu anayepokea vipimo vya gauni.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefanya jambo la kitoto. Nimechukua miwani ya zamani ya mume wangu, nikabandika mfuko wa nailoni kwenye vioo, nikaacha tundu dogo katikati ya kila kimoja. Mama alikuwa amelala. Nikaingia sebuleni.

Hakuna kitu. Sijui niandike nini zaidi. Ukuta, mlango, fremu, swichi, vyote ni ukungu mmoja. Niligonga goti kwenye kiti nilichokinunua mwenyewe. Nilikuwa najua ngazi iko wapi, na bado niliishuka kwa makalio.

Kisha nikageuka kutazama korido, ambayo sikuigusa, bado ni kijani na milango yake ni myeupe. Milango ilisimama dhahiri kama watu waliovaa kanzu. Nilitembea mpaka mwisho bila kugusa kitu.

Miaka tisa nimewauliza wateja chumba kina madirisha mangapi, na kinatazama upande gani. Sijawahi kumuuliza hata mmoja nani anaishi mle ndani, na anaonaje.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia mama nimeagiza kijani, ndoo mbili, tutarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

"Nani amekutuma?" akasema. Alikuwa amekaa sebuleni, mahali ambapo wiki nzima amekuwa akipita kwa kunishika bega. "Njoo ukae hapo, mbele yangu. Hapana, ukutani kabisa. Egemea."

Nikaegemea ukuta wa krimu. Akakisogeza kiti chake, akakizungusha kichwa polepole mpaka akanipata kwenye tundu lake.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Nikacheka, nikashindwa kujizuia.

"Usicheke, usisogee. Una mwanya, na nyusi zako zimeshikana. Miaka sita mwanangu ameniletea mkwe: mitatu ya kwanza mlikuwa wageni wa kupita tu, na mitatu hii sikuweza kuiona sura yake. Kwenye kijani, na mwanga ule, mlikuwa vivuli tu. Nilikuwa nawajua kwa sauti na kwa viatu. Mumeo aliponiambia kwamba siku ile ulinuna kwa sababu sikukuitikia barabarani, nilikaa nikijiuliza, huyu alipita lini?"

Tukakaa tukazipima rangi upya, safari hii kwa macho yake, si yangu. Krimu: inampa nyuso, inampa mikono ya watu, inampa meza ikiwa na kitambaa cheusi. Inamnyima milango na ngazi. Kijani: kinampa milango, ila kinawafuta watu. Nilitembea chumbani na kadi zangu za rangi nikizibandika huku na huku, naye akisema "naiona," "imepotea," "naiona." Mwisho akaamua. Ukuta ubaki krimu. Milango, fremu, ukingo wa ngazi na kuzunguka swichi, kijani. Korido isiguswe.

"Itakuwa mbaya," akasema fundi cherehani wa miaka thelathini.

"Mbaya sana," nikasema.

Jumamosi, 20 Aprili

Fundi Taratibu amekuja. Mama alimwambia mwenyewe, mlangoni, kwamba mara ile hakukubali. Fundi akanitazama mpaka nikatazama chini. "Dada, mimi naingia nyumba za watu kwa neno langu," akasema. "Umelichafua." Nimemwomba radhi mbele ya mama. Akafungua kopo. Baada ya fremu ya kwanza aliweka brashi chini akasema, "Mama, pita." Mama akapita. Akapaka ukingo wa ngazi, upana wa vidole vinne. "Mama, shuka." Alimkingia kiwiko bila kukigusa, mkono wake ukining'inia hewani. Mama akasimama ukingoni, akatazama chini, akashuka.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Rangi ya mafuta haikauki. Kijani kimeshika mkono wa kanzu ya mama na nywele zangu.

Jumapili, 28 Aprili

Mume wangu amerudi. "Aa, mmepatana," akasema, akafurahi kuwa mambo yamejimaliza. Alimkuta mama akitiwa matone. "Ya nini?" "Vumbi," mama akasema. Nilijitia hamnazo nikaenda kuanua nguo. Jioni alinisimulia safari yake yote, nami sikusikia hata nusu. Kumficha mume jambo la mama yake si kazi ndogo. Nimemwambia mama sitaweza kwa muda mrefu. "Nivumilie mpaka mvua iishe," akasema. "Nitasema mimi. Si wewe."

Jumapili, 12 Mei

Plasta imetolewa. Mama amefunua cherehani. Natunga uzi mimi, anashona yeye, kwa vidole zaidi kuliko macho. Amepinda kitambaa cheusi cha meza. Mshono umenyooka kuliko wangu wowote.

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya nne bila mvua. Wifi amekuja asubuhi, na mume wangu yupo. Ameleta begi tupu, kubwa. Sikuhitaji kuuliza la nini.

Aliingia sebuleni akasimama. "Jamani! Milango ya kijani kwenye ukuta wa krimu? Nani kachagua hivi?"

"Mimi," mama akasema.

"Mama, hazipatani."

"Ndiyo maana naziona."

Wifi akacheka kidogo, halafu akaacha. Mume wangu akashusha kikombe. Mama alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akazungusha kichwa polepole mpaka akampata bintiye.

"Kaeni chini wote wawili. Nina habari ya macho yangu."

Alisema yote: miaka mitatu, cherehani, kuanguka, daktari. Kuhusu rangi niliyoipaka akiwa hayupo hakusema. Nikaisema mimi. Nilitaka wifi aisikie kwangu. Alinitazama kwa yale macho ya ofisi ya mwalimu mkuu, nikangoja. Mume wangu alikuwa ameshika kichwa. "Mimi nalala humu ndani," akasema. "Mimi nalala humu ndani, mama."

Wifi akasimama, akavuta zipu ya begi. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado alikuwa anatoa amri. "Basi ndiyo mwisho. Tunafungasha. Siwezi kulala nikijua uko hapa na ngazi ile."

"Ngazi ipi?" mama akauliza.

Akasimama. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa korido, akasita nusu hatua kwenye ukingo wa kijani, akashuka. Tulisikia maji yakimiminwa jikoni. Nilimshika wifi mkono, maana alikuwa ameanza kumfuata. Mama akarudi na bilauri, akapanda ngazi, akavuka sebule, akamwekea bintiye maji mkononi. Hakugusa ukuta.

"Kunywa," akasema. "Au umeshakunywa?"

Wifi alikaa chini akanywa maji yote.

Jumapili, 19 Mei

Wifi ameondoka na begi lake tupu. Ameandika saa za matone kwenye simu yake, ameahidi kurudi kumpeleka mama kwa daktari mwezi ujao, na ameniambia kwamba bado hajanisamehe. Nimesema nimesikia.

Saa kumi na moja amepiga kutoka njiani. Hakutaka kuongea na mama, alinitaka mimi. Ameniuliza kama ninaweza kumchanganyia kijani kilekile, kwa milango ya nyumba yake na fremu zote, hasa ya chumba cha wageni, kwa siku mama atakapokwenda kumtembelea.

Nimemuuliza kwanza kuta zake ni za rangi gani.